Jiliwa: Mkono wa Tatu wa Seremala wa Garissa

Wafugaji wa Garissa, Wajir na Mandera wana ufundi wao wa miti tangu zama. Kengele ya ngamia, ambayo Wasomali huiita koor, huchongwa kutoka katika kipande cha mti. Tezo hutaka mkono mmoja, na ule wa pili hushika mti. Lakini kitanda, mlango na kabati ni kazi ya randa, na randa hushikwa kwa mikono miwili. Basi ubao ushikwe na nani? Hapo ndipo seremala anapohitaji jiliwa.

Swali hili ni zito zaidi Garissa kwa sababu ya mathenge. Mti huu ulipitia kwetu Pwani: mwaka 1973 ulipandwa Bamburi, Mombasa, kwenye machimbo ya saruji, na miaka ya 1980 ukapandwa Bura ili watu wapate kuni. Hivi leo umeenea kingo za Mto Tana, umeziba njia na malisho, na miiba yake ni adhabu kwa mifugo na tairi. Wengi huuona kuwa ni mti wa makaa tu. Kumbe mbao zake ni nzito na ngumu, na zikishakauka hazipindi ovyo. Ila huwa fupi na zenye vifundo, wala hazikubali kubanwa kwa goti.

Meza ya kujitengenezea yatosha, mradi iwe nzito na isitikisike. Fundi atumiaye mkono wa kulia hufunga jiliwa upande wa kushoto, karibu na mguu wa meza, ili mguu upokee kishindo. Taya lisilosogea huchimbiwa nafasi ukingoni, likalingana na ukingo wa meza, ndipo ubao mrefu upate kulala sawasawa. Chuma kisipite juu ya uso wa meza, kisije kikavunja makali ya randa. Kama meza ni nyembamba, tia kipande cha ubao chini yake, kisha funga kwa bolti na nati. Skurubu peke yake hung'oka. Mwisho, mataya yavishwe mbao, na mathenge yenyewe yafaa sana, ili chuma kisichubue kazi.

Joto la Garissa hukausha mbao, kwa hivyo nati zikazwe tena baada ya wiki chache. Parafujo ifutwe vumbi kabla ya kutiwa mafuta, maana mchanga ukichanganyika na mafuta hula chuma kama tupa.

Asiyeweza kununua jiliwa na apigilie vipande viwili vya mti mezani, auweke ubao kati yake na kuubana kwa kabari. Ataanza kazi leo leo.

Wahenga walinena kuwa mkono mmoja haulei mwana. Kwa mathenge, hata miwili haitoshi.