Mikate Laini ya Nyumbani Wakati wa Uchumaji

Msimu wa karafuu ukiingia, nyumba zetu huamka mapema, na mchumaji hafai kupanda mkarafuu na tumbo tupu. Mikate midogo ni chakula chepesi kuchukua shamba. Lakini ngano hatulimi visiwani; kila kilo ya unga twainunua, na bati la mikate iliyotoka migumu ni fedha ya karafuu iliyotupwa. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza jinsi ulaini unavyopatikana.

Wengi hudhani ulaini ni wingi wa hamira. Sivyo. Hamira ikizidi, mkate hunuka uchachu na kukauka upesi. Ulaini hutokana na mambo matatu: unyevu, ukandaji na subira.

Kwa mikate 12 chukua unga wa ngano nusu kilo, tui mililita 300, sukari vijiko 4 vya chakula, samli vijiko 2 vya chakula, hamira ya chembechembe vijiko 2 vya chai, na chumvi kijiko 1 cha chai.

Hamira ni kitu chenye uhai. Hula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo iumuayo unga. Tui liwe vuguvugu tu. Tia kidole, kikiungua, ngoja lipoe, maana tui la moto huiua hamira na unga hautaumuka kamwe.

Kanda dakika 10 hadi 15. Ukandaji huunda nyuzi zinazovutika ndani ya unga, nazo huishika hewa isitoroke. Unga utanata mikononi mwanzoni. Usiuongeze unga mkavu ovyo, kwani kila konzi huondoa ulaini. Paka samli mikononi, uendelee mpaka uwe nyororo.

Ufunike, uuache mpaka uwe mara mbili ya ulivyokuwa. Hapa wengi huharibu kwa kufuata saa. Wakati wa joto la kaskazi huenda saa moja ikatosha. Wakati wa baridi ya kusi hukawia zaidi. Tazama unga, usitazame saa.

Kisha kata madonge 12, uyapange katika bati lililopakwa samli, karibu karibu ili yakiumuka yagusane. Ubavu uliogusana haukauki. Yafunike yaumuke mara ya pili. Bonyeza donge kwa kidole: alama ikirudi upesi, bado, ikirudi polepole, ni tayari, donge likinywea, umechelewa.

Mwenye jiko la tanuri atie moto wa digrii 180 kwa dakika 20 hadi 25. Asiye nalo atumie sufuria yenye mfuniko wa bati, makaa machache chini na mengi juu. Moto wa chini ukizidi, mikate huungua kitako na ndani ikabaki mibichi. Moto ukiwa hafifu mno, mikate hukaa jikoni muda mrefu na kukauka. Gonga kitako cha mkate mmoja. Ukisikia mlio wa kitu chenye uwazi ndani, umeiva. Ipake samli ingali moto na kuifunika kwa kitambaa safi.

Twawaonya pia, sisi wenye karafuu tele nyumbani. Karafuu ya unga ikizidi katika mikate huizuia hamira kufanya kazi, kwa sababu mafuta yake yana nguvu ya kudhoofisha viumbe vidogo kama hivyo. Atakaye harufu nzuri atie iliki, na karafuu iwe chembe tu.

Mikate ya kwenda nayo shamba alfajiri yaweza kuokwa usiku. Iache ipoe kabla ya kuifunga, la sivyo mvuke wake utailowesha. Usiiweke katika friji: baridi ya friji huufanya mkate kuwa mgumu upesi kuliko ukiachwa mezani. Uliokwisha kuwa mgumu usitupwe. Unyunyizie maji kidogo, uupashe moto katika sufuria iliyofunikwa, utalainika tena. Ila uliwe papo hapo, maana ukipoa utarudi ugumu wake.