Mahindi ya Waridi Hayaendi Chunguni

Kama umewahi kuingia duka la mbegu wakati wa masika, bila shaka umeona mbegu za mahindi zilizopakwa rangi ya waridi, zinang'aa kama peremende. Mimi naishi Likoni, na bibi yangu ana shamba dogo huko Shika Adabu. Mwaka jana mwezi wa Aprili tulipanda mbegu hizo, zikabaki kama vibaba viwili. Jioni narudi shule, namkuta bibi amezimwaga kwenye beseni anazisugua kwa maji. Alitaka kupika pure, mahindi na kunde.

"Bibi, hizo zina dawa," nikamwambia.

"Si ndiyo naiosha, mjukuu wangu? Huoni maji yalivyokuwa mekundu?"

Nilishindwa kumjibu, maana nami sikujua dawa ile inafanya kazi gani. Nikamwomba angoje nimwulize mwalimu wetu wa kilimo. Alinuna, lakini alingoja.

Basi mambo ni hivi. Udongo una kuvu nyingi tusizoziona kwa macho. Mvua ikizidi, mbegu hukaa kwenye tope na kuvu huiozesha kabla haijachipua. Pengine mche hutoka, kisha shina hulainika pale chini na kuanguka. Dawa kama thiramu huizunguka mbegu na kuikinga majuma yale ya mwanzo tu. Si mbolea. Hailishi mmea wala hainenepeshi gunzi. Inaongeza mavuno kwa kupunguza mashimo matupu, kwani shimo lisilo na mche halina gunzi, hata ulipalilie vipi.

Kwenye shamba letu, mistari ya mbegu ya dukani ilijaa, na ile ya mbegu tuliyojiwekea wenyewe ilikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee. Nikamwambia mwalimu hiyo ndiyo kazi ya dawa. Akanikosoa: hizo ni mbegu za aina mbili, nitajuaje kama ni dawa au ni mbegu yenyewe? Ingebidi mbegu iwe moja, nusu ipakwe na nusu iachwe. Niliona haya, lakini alisema kweli.

Sasa turudi kwenye beseni. Rangi si dawa. Rangi hutiwa makusudi ili mtu ajue kuna sumu, na rangi ikitoka sumu yaweza kubaki. Watu wa Iraki waliyajua haya kwa uchungu. Mwaka 1971 nchi hiyo iliagiza mbegu za ngano na shayiri zilizopakwa dawa ya kuvu yenye zebaki. Maonyo kwenye magunia yalikuwa kwa Kihispania na Kiingereza, lugha ambazo wakulima wale hawakuzisoma. Wengine waliosha rangi wakadhani sumu imekwenda na maji, wakapika mikate. Zebaki ile haikuwashika papo hapo. Zilipita wiki kadhaa ndipo watu wakaanza kufa ganzi na macho kufifia. Waliolazwa hospitalini walikuwa 6,530, na 459 wakafa humo. Thiramu si zebaki, lakini pia si chakula. Na onyo la mfuko wa bibi lilikuwa kwa Kiingereza, tena herufi ndogo kama chungu.

Wengi pia hudhani mahindi yaliyotoka kwenye mbegu yenye dawa hayafanyi kuvu ghalani. Wapi! Dawa ile huwa imekwisha zamani. Mahindi yasipokauka vizuri huingia kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwadhuru watu 317 nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Kuchemsha hakuiondoi. Huku kwetu pwani hewa ina unyevu, kwa hiyo bibi huanika juu ya turubai, kisha hutia mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, akaitikisa. Chumvi ikigandia chupa, yanarudi juani.

Zile za beseni tulizipanda kesho yake kujazia mapengo, na maji yake tukayafukia mbali na kuku. Za mwaka huu zilizobaki zimo koponi, juu ya kabati. Bibi mwenyewe ameliandika "sumu" kwa herufi za Kiarabu, maana zangu eti hazisomeki.