Busta Haiponyi Picha Iliyoganda

"Fundi, picha inagandaganda. Ninunue busta gani?"

Swali hilo limezunguka vibanda vya mafundi wa Kariakoo, Mwenge na Mbagala tangu usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam. Muulizaji hasemi anakaa wapi, antena ameifunga wapi, wala waya wake una urefu gani. Dawa ameshajichagulia mwenyewe. Kilichobaki ni kutajiwa jina lake dukani. Fundi mwenye njaa humuuzia hapo hapo. Fundi anayejali kazi yake huanza kuuliza maswali, na mteja huona anapotezewa muda, akahamia kibanda cha pili.

Imani ya busta haikuzuka hewani. Enzi za analojia mawimbi yakipungua picha ilijaa chenga, lakini mpira ulionekana na mfungaji alijulikana. Kila hangaiko lilileta nafuu kidogo: kifuniko cha sufuria juu ya mlingoti, rimu ya baiskeli, kijana aliyetumwa nje kuzungusha bomba huku ndani wakimpigia kelele "hapo hapo, usiguse!" Dijitali haina chenga. King'amuzi hupokea tarakimu, na pamoja nazo huja nyingine za ziada ambazo kazi yake ni kusahihisha makosa ya njiani. Makosa yakiwa machache, picha hutoka safi sawa na ya mtu anayeishi chini ya mnara. Yakizidi kiwango kidogo tu, picha hukatika miraba miraba, hukwama, kisha kioo kinabaki cheusi. Ndiyo maana jirani anaona vizuri na wewe huoni kitu, ingawa tofauti ya mawimbi mnayopata ni ndogo mno.

Hapo ndipo busta, yaani kikuza mawimbi, inapoingizwa, na hapo ndipo pesa zinapopotea. Busta ya desibeli 20 hukuza mara 100 kila kinachoifikia: mawimbi ya televisheni, uchafu wa umeme kutoka chaja na taa za bei rahisi, na mawimbi ya vituo vingine. Haichagui. Juu ya hayo huongeza kelele zake yenyewe, kwa kuwa hakuna kikuza mawimbi kisicho na kelele. King'amuzi hakihitaji ukubwa wa mawimbi peke yake. Kinahitaji mawimbi yaliyoizidi kelele kwa kiasi cha kutosha, na uwiano huo, ukishaharibika kabla ya kufika kwenye busta, busta haiurudishi. Ukimpa MC mwenye mafua spika kubwa zaidi ukumbini, utasikia mafua zaidi.

Ushahidi upo kwenye menyu ya king'amuzi chenyewe, na inashangaza ni wateja wangapi hawajawahi kuifungua. Ukurasa wa kutafuta chaneli una mistari miwili: Strength, yaani nguvu, na Quality, yaani ubora. Mteja akichomeka busta mstari wa nguvu hupanda, uso unamng'aa, muuzaji anapokea hela yake. Mstari wa ubora umebaki palepale, au umeshuka. Jioni picha inaganda kama jana. Siku mbili baadaye anarudi kuuliza kama kuna busta kubwa zaidi.

Mjini busta huweza hata kuleta tatizo ambalo halikuwepo. Kwa aliye karibu na mnara, mawimbi yaliyokuzwa mara 100 hukilemea king'amuzi kikashindwa kabisa kuyasoma. Halafu kuna simu. Masafa ya UHF kuanzia 790 MHz kwenda juu, na baadaye kuanzia 694 MHz, yaliondolewa kwenye televisheni katika kanda yetu yakapewa huduma za simu za mkononi. Busta nyingi zilizojaa madukani bado zimeandikwa 47 hadi 862 MHz. Maana yake zinakusanya na kukuza pia mawimbi ya mnara wa simu uliosimama mtaa wa pili, kisha zinayamimina yote ndani ya king'amuzi.

Ndugu yake busta ni "antena ya dijitali ya kilomita 200". Hakuna chuma kinachojua kama mawimbi yanayokipitia yamebeba analojia au dijitali. Antena nzuri ya UHF iliyofungwa mwaka 2005 inafaa leo bila kubadilishwa hata kijiti kimoja. Hizo kilomita 200 nazo zimeandikwa na mtu asiyejali kwamba dunia ni mviringo. Mnara wa mita 100 na antena ya nyumbani iliyo mita 9 juu ya ardhi hufikiana, kwenye tambarare, umbali wa kilomita 50 na kidogo. Mnara ukiwa mlimani umbali huongezeka. Mlima ukiwa kati ya mnara na nyumba, kama ilivyo kwa mabonde mengi ya Lushoto au upande wa nyuma wa Uluguru, hakuna boksi la Kariakoo litakalouvuka. Anayekaa huko anahitaji dishi na king'amuzi cha setilaiti, na aambiwe hivyo mapema kabla hajanunua busta tatu.

Haki yake busta ipewe: ina kazi moja halali, kufidia kinachopotea kwenye waya na kwenye kigawanyo. Mita 20 za waya mzuri wa RG-6 humeza takriban nusu ya nguvu ya mawimbi ya UHF. Kugawa mawimbi kwa televisheni mbili huyapunguza tena nusu. Kwa sababu hiyo busta hufungwa juu mlingotini, karibu na antena, pale mawimbi yakiwa bado masafi. Iliyofungwa sebuleni nyuma ya televisheni, baada ya waya kumaliza kula, imechelewa.

Basi kinachofaa kufanywa ni hiki, na hakichukui hata saa moja. Bonyeza menyu kwenye rimoti ya king'amuzi. Menyu isipoonekana, antena haihusiki: mara nyingi televisheni iko kwenye ingizo lisilo lake, kwa hiyo ipeleke HDMI au AV kulingana na waya uliochomeka. Kwa waya za rangi tatu, njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Menyu ikionekana, waya wa kwenda kwenye televisheni hauna kosa, uache. Fungua mistari miwili. Toa antena nje, ipandishe juu ya paa la bati, ielekeze zinakoelekea antena za majirani wanaoona vizuri, na tazama kama vijiti vyao vimelala au vimesimama, vyako viwe hivyo. Izungushe polepole, ukisubiri sekunde kadhaa kila hatua, kwa kuwa king'amuzi huchelewa kujibu, na fuata ubora tu. Kata ncha ya waya iliyooza, funga kiunganishi upya, hakikisha hata uzi mmoja wa wavu haugusi kiini cha shaba. Waya uliounganishwa kwa kusokotwa na selotepu, utupe. Antena ikiwa na kikuza mawimbi ndani yake, washa umeme wa antena kwenye menyu. Isipokuwa nacho, uzime. Tafuta chaneli upya baada ya kumaliza, si kabla. Mvua na fundi wa mabati vikipita, kagua tena.

Na king'amuzi alichotuma shemeji kutoka Uingereza? Kisome mgongoni. Kikiwa cha DVB-T, kiwango cha zamani cha dijitali ya minara, hakitasoma matangazo ya DVB-T2, kiwango kipya, hata kikifungwa mguuni mwa mnara, ilhali cha DVB-T2 husoma yote mawili. Kenya ilianza na DVB-T mwaka 2009, ikahamia DVB-T2 kabla ya kuzima analojia mwaka 2015, na walionunua ving'amuzi vya mwanzo walibaki na mapambo ya kabati. Televisheni mpya yenye DVB-T2 ndani yake hupokea chaneli zilizoachwa wazi bila king'amuzi chochote; zilizofungwa kwa kadi haizifungui.

Ukiona mstari wa ubora umepanda, umetulia, na bado chaneli ni nyeusi, shuka paani. Kifurushi kimeisha.