Kuchagua Njia ya Baiskeli Vilimani

Mwanafunzi anayetaka kuendesha baiskeli kando ya Ziwa Kivu, nchini Rwanda, asitazame urefu wa njia peke yake. Njia ya Congo Nile, kutoka Rubavu hadi Rusizi, ina kilomita 227, lakini vilima ndivyo vinavyochosha.

Kwa hiyo asimwulize mwenyeji, "Ni mbali?" Aulize, "Kuna mwinuko mkali? Mvua imeharibu njia?" Kuanzia Machi hadi Mei udongo huteleza, na kwenye mteremko breki nzuri hazitoshi. Juni hadi Agosti ni kiangazi.

Rubavu na Rusizi, mpakani mwa Kongo, Kiswahili kitamsaidia. Vijijini ajifunze Kinyarwanda kidogo. "Umusozi" ni kilima. Vijia vya mashambani ni vya waendao kwa miguu: apunguze mwendo, asalimu kwanza.