Kuvuka Mto wa Barafu

Sisi tukaao Kilosa twaujua mto Mkondoa. Wakati wa masika hakuna mgeni mwenye akili aingiaye majini kabla ya kumwuliza mwenyeji penye kivuko. Leo twataka kueleza habari za mto wa namna nyingine, ambao maji yake ni magumu kama jiwe, wala huo nao hauvukwi bila mwenyeji. Ni mto wa barafu.

Kwanza yafaa tufahamu asili yake. Kila tupandapo mita 1,000, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Milima ya Uluguru, Ukaguru na Udzungwa haifikii mita 3,000, kwa hiyo hata vileleni mwake huanguka mvua tu. Lakini kwenye mita 5,000 huanguka theluji, laini kama pamba. Theluji mpya huilalia ya zamani. Uzito huikandamiza ile ya chini, hewa hutoka, nayo hugeuka kuwa barafu. Barafu ikiwa nene sana huteremka kwa uzito wake yenyewe, polepole hata jicho lisiweze kuona mwendo wake.

Katika Afrika ya Mashariki barafu hiyo imo katika milima mitatu: Kilimanjaro, Kenya, na Ruwenzori iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ndio mrefu kupita yote, lakini njia zake za kawaida hupita kando ya barafu. Huko Ruwenzori, atakaye kufika kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, hana budi kuikanyaga barafu yenyewe. Wazungu wa kwanza kukifikia walikuwa msafara wa Duki wa Abruzzi, Mwitaliani, mwaka 1906. Viongozi wa huko aghalabu ni Wakonzo, wenyeji wa miteremko ya milima hiyo.

Hatari kubwa ni nyufa. Barafu iteremkapo juu ya mwamba wenye kuinuka na kuinama, hupasuka, na ufa waweza kuwa na kina cha kummeza mtu. Kisha theluji mpya huufunika mdomo wake. Watu wa Mikumi watafahamu upesi tukisema kuwa ni mfano wa shimo la mtego lililotandazwa majani: machoni ni njia, chini ni mauti.

Kwa hiyo kiongozi huwaamsha wasafiri usiku, wavuke kabla jua halijailegeza theluji. Kila mmoja hufunga meno ya chuma chini ya viatu, hushika shoka la barafu, na kuvaa miwani myeusi, kwa kuwa mng'ao wa theluji huunguza macho. Wote hufungwa katika kamba moja kwa nafasi, nayo haiachwi ilegee. Kiongozi hutangulia akichoma theluji kwa fimbo. Wengine hukanyaga nyayo zake. Mmoja akitumbukia, wenziwe hujitupa chini papo hapo na kukita mashoka yao, ili kamba imzuie. Hivyo uhai wa kila mtu umo mikononi mwa wote.

Siku hizi kazi hiyo imezidi ugumu, maana dunia yapata joto na barafu yapungua. Barafu ya Ruwenzori ilikuwa kilometa za mraba 2 hivi mwaka 1987; mwaka 2003 ilikuwa imebaki kama 1 tu. Mahali palipopitika jana huwa mwamba mtupu au ufa mpya, na kiongozi hulazimika kujifunza njia yake upya.

Tena kuna adui asiyeonekana, nayo ni hewa hafifu. Mtu apandaye kwa haraka huumwa kichwa, hutapika, na ugonjwa ukizidi, maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba, akafa. Dawa iliyo kuu ni kuteremka mara moja. Hapo ndipo kiongozi hujulikana. Msafiri ametoa fedha nyingi, kilele akiona kwa macho, naye husihi aongozwe mbele, kiongozi mwema hujibu kwa upole, “Turudi.” Neno hilo humkosesha sifa ya siku moja, lakini limewarudisha wengi kwa watoto wao. Basi tukiwa wageni mahali popote, tumsikilize mwenyeji, hasa anapotukataza.