Magari ya kale Unguja: Kwa nini nyaya huungua na jinsi zinavyotengenezwa

MAGARI ya Kiingereza ya zama za ukoloni, pamoja na malori ya Bedford yenye mabanda ya mbao ambayo kwa miaka mingi yamebeba abiria kati ya mjini na shamba kisiwani Unguja, yana udhaifu mmoja unaofanana. Injini yake huweza kufufuliwa tena na tena, lakini nyaya za umeme zikishachoka, gari zima huwa katika hatari ya kuteketea.

Adui wa kwanza ni hewa ya bahari. Nyaya za wakati huo zilifunikwa kwa mpira na kitambaa cha pamba. Mpira hukauka na kupasuka, kitambaa hufyonza unyevu, na chumvi huigeuza shaba kuwa ya kijani. Kwa nje waya huonekana mzima, ilhali ndani zimebaki nyuzi chache tu. Umeme ukilazimishwa kupita humo, waya hupata moto.

Kwa sababu hiyo, fundi makini haanzi na taa bali na ethi, yaani njia ya kurudishia umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari. Taa kubwa zikiwa zimewashwa, mita huwekwa kati ya ncha ya betri iliyofungwa kwenye ethi na chuma cha taa. Ikisoma zaidi ya nusu volti, maungio yana kutu na yanapaswa kufunguliwa, kusuguliwa hadi chuma king'ae na kupakwa grisi.

Katika gari la mbao suala hili ni zito zaidi. Mbao haipitishi umeme, hivyo kila taa ya nyuma inahitaji waya wake wa ethi hadi kwenye chesisi. Waya huo ukikatika, umeme hutafuta njia nyingine: dereva akikanyaga breki, indiketa nayo huwaka kwa mbali. Wengi hubadilisha balbu bure, wakati kosa liko kwenye waya mmoja.

Morris Minor, lililotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1948, lina mtego mwingine. Kwa asili, ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Redio ya kisasa ambayo ganda lake ni hasi, ikifungwa kwenye dashibodi ya chuma bila kulitambua hilo, hupiga shoti papo hapo. Aidha, kabla ya kazi yoyote, ncha ya betri inayotangulia kufunguliwa ni ile ya ethi, ambayo hapa ni chanya.

Jambo la faraja ni kwamba magari mengi ya Kiingereza yalifuata mpango mmoja wa rangi. Kahawia hutoka betri moja kwa moja, nyeupe hutoka swichi ya ufunguo, kijani imepitia fyuzi, buluu ni ya taa kubwa, nyekundu ya taa ndogo na nyeusi ni ethi. Iwapo rangi zimefifia, kila waya huandikwa alama kabla ya kung'olewa, kisha hubadilishwa mmoja mmoja. Kung'oa fungu lote kwa pamoja ni kujitafutia mashaka. Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene nao haufai, kwani mtikisiko wa barabara huukata. Panahitajika waya wa nyuzi nyingi.

Katika fyuzi ndimo hatari kubwa ilimojificha. Fyuzi za Lucas zilizoandikwa 35 humaanisha kiwango cha kukatikia. Zile zinazouzwa sasa huandikwa kiwango zinachokihimili daima. Badala ya 35 ya kale, inayostahili ni takriban 17 hadi 20. Anayeweka 35 ya kisasa, au uzi wa shaba kama ilivyo desturi mbaya ya baadhi ya gereji, ameufanya waya wenyewe kuwa fyuzi. Zaidi ya hayo, taa kubwa za Morris hazikuwekewa fyuzi kabisa kiwandani, na kuziongezea ni kazi ya muda mfupi tu.

Usiku, betri ikiisha katika msongamano wa Darajani, si lazima iwe mbovu. Dainamo ya kale huzalisha umeme kidogo mno injini inapounguruma polepole, ilhali taa mbili za wati 60 hula ampea 10.