Mbinu za Windows za kunusuru kazi isipotee

UMEME haubishi hodi unapopotea. Mwanafunzi anayeandika tasnifu, karani anayeandaa orodha ya mishahara au mweka hazina wa chama anayejumlisha michango ya wanachama hujikuta ghafla mbele ya kiwamba cheusi, na kazi ya saa tatu imeyeyuka.

Hata hivyo, nyingi ya hasara za aina hii huweza kuepukwa. Mfumo wa Windows, unaotumika katika afisi nyingi na vituo vya intaneti, una mbinu kadhaa ndogo za kunusuru kazi. Tatizo ni kuwa watumiaji wengi hufundishwa kuchapa na kutoa nakala kwenye karatasi, kisha mafunzo yakaishia hapo.

Mbinu ya kwanza ni kushikilia kitufe cha Ctrl na kugusa herufi S, hatua inayohifadhi kazi papo hapo. Ni kweli kwamba programu ya Word hujiwekea nakala ya dharura, lakini kwa faili iliyo ndani ya tarakilishi yenyewe, kwa kawaida hufanya hivyo kila baada ya dakika 10. Katika muda huo, mchapaji hodari huweza kujaza ukurasa mzima.

Kwa hivyo, ni busara faili ipewe jina na kuhifadhiwa hata kabla ya sentensi ya kwanza kuandikwa. Baadaye, vitufe hivyo viwili vibonyezwe kila aya inapokamilika, hadi mkono uzoee kufanya hivyo wenyewe.

Kosa jingine la kawaida ni kufuta faili isiyofaa kufutwa. Hapa mtumiaji hana haja ya kupaparika. Ctrl pamoja na Z hubatilisha kitendo cha mwisho, si katika maandishi pekee bali pia ndani ya folda: faili iliyofutwa, kuhamishwa au kubadilishwa jina kimakosa hurudi ilivyokuwa.

Ikiwa muda umepita, faili hiyo hutafutwa katika pipa la taka, lile liitwalo Recycle Bin. Lakini kuna hali mbili za kutahadhari. Faili inayofutwa kwa kubonyeza Shift na Delete haipitii pipani. Vilevile, ile inayofutwa kutoka kwenye diski ya flashi kwa kawaida hutoweka moja kwa moja. Anayebeba kazi yake kwa flashi anashauriwa kuinakili kwanza kwenye tarakilishi, aifanyie kazi humo, kisha airudishe ikiwa imekamilika.

Wakati mwingine programu hukwama na kipanya kikakataa kutii. Wengi hukimbilia kuchomoa waya wa umeme, hatua inayoua hata kazi iliyokuwa salama katika programu nyingine. Badala yake, Ctrl, Shift na Esc zikibonyezwa kwa pamoja hufungua orodha ya programu zote zinazoendelea. Mtumiaji huchagua iliyokwama na kuifunga hiyo peke yake, kisha akahifadhi kazi iliyo katika zile nyingine.

Kazi huweza pia kuharibiwa au kuibwa na mtu mwingine. Anayeinuka kitini kwenda kunywa chai anahitaji sekunde moja tu kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi L. Kiwamba hufungwa, na hakifunguki bila nywila iliyowekwa.

Katika tarakilishi ya umma, uangalifu zaidi unahitajika. Tangu 2018, Windows huweza kukumbuka vitu vingi vilivyonakiliwa, na kuvionyesha kitufe cha nembo kinapobonyezwa pamoja na V. Ni msaada mkubwa kwa mwenye tarakilishi yake. Lakini kwa anayewasilisha taarifa za ushuru katika saiba, nywila aliyoinakili huweza kubaki kwenye orodha hiyo na kusomwa na mteja anayefuata. Afadhali nywila ichapwe kwa mkono, na mtumiaji ajiondoe kwenye akaunti kabla ya kulipa na kuondoka.

Mbinu nyingine ni kuiamuru Windows ionyeshe majina kamili ya faili. Kwa kawaida mfumo huu huficha herufi za mwisho zinazotambulisha aina ya faili. Mnamo Mei 2000, kirusi kilichoitwa ILOVEYOU kilitumia mwanya huo. Kilisambazwa kwa barua pepe kikijifanya barua ya mapenzi, na jina la faili yake lilionekana kuishia kwa TXT kama maandishi ya kawaida, ilhali herufi halisi za mwisho, VBS, zilikuwa zimefichwa. Mamilioni ya tarakilishi duniani ziliathirika.

Ili kuepuka mtego kama huo, mtumiaji hufungua folda yoyote, akaenda kwenye menyu ya View na kuchagua File name extensions. Katika Windows 11, chaguo hilo limo chini ya Show. Tangu hapo, faili inayodai kuwa picha au barua huku jina lake likiishia kwa EXE itajifichua yenyewe.

Inafaa pia kujua umri wa mfumo unaotumika. Kitufe cha nembo pamoja na R hufungua kisanduku kidogo. Neno winver likiandikwa humo, toleo la Windows huonekana. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 7 mnamo Januari 14, 2020, na kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Tarakilishi hizo huendelea kuwaka, lakini hazipokei tena marekebisho ya usalama, isipokuwa kwa wenye Windows 10 waliojisajili katika mpango maalumu wa nyongeza.

Pamoja na hayo yote, hakuna kitufe kinachorejesha tarakilishi iliyoibwa au diski iliyoungua. Akiba haiozi: kazi muhimu iwe na nakala tatu, katika vifaa viwili tofauti, na moja kati yake iwekwe mbali na nyumbani au afisini. Nakala hizo zijaribiwe mara kwa mara kwa kufunguliwa kwenye tarakilishi nyingine, kwani isiyofunguka haitamfaa mwenyewe siku atakapoihitaji.